Lililoharibika Ni Chujio, Si Mimi

Kindu, Jumatano, tarehe 1 Novemba 1978

Kwa Mwananchi Komiseri wa Zone,
Ofisini kwake.

KUHUSU: Ombi la kutangazwa kuwa hai kabla ya Jumamosi, saa nne asubuhi.

Mwananchi Komiseri,

Anayekuandikia ni Onema, mwalimu mstaafu wa sarufi ya Kiswahili, mwenye umri wa miaka sitini na sita, mkazi wa zone yako tangu kabla haijaitwa zone. Nilikuwa pia na jina la ubatizo, Isidore, ambalo Serikali ilitutaka tulisahau mwaka 1972. Nililisahau siku ileile. Nalitaja hapa ili ujue tu ni lipi nililolisahau.

Ninaandika nikiwa na afya njema. Kwa kawaida sentensi hiyo ni adabu tu ya mwanzo wa barua. Leo ndiyo kiini cha malalamiko yangu, na naomba uisome mara mbili. Kwa mujibu wa daftari la ofisi yako nilifariki Jumatatu, nikiwa na umri wa miaka minne, kwa vumbi. Jumamosi hii saa nne ukoo wangu utakutana uani kwangu kumkabidhi mrithi ufunguo wa gari langu. Nisipotangazwa kuwa hai kabla ya saa hiyo, gari litaondoka nami nitabaki nikilitazama, kwa kuwa marehemu hana haki ya kupiga kelele barabarani.

Ili nisikupotezee wakati, nimeyapanga malalamiko kwa namba, kama nilivyowafundisha watoto wa mji huu kwa miaka thelathini na mmoja, akiwamo, nisipokosea, wewe mwenyewe (darasa la nne, benchi la nyuma, karibu na dirisha).

1. Kuhusu chujio.

Gari langu ni Pejo 404, la kijivu, lenye umri mkubwa na tabia njema. Ndilo linalonipeleka shambani kwangu Mikelenge, ndilo linalombebea mke wangu mihogo yake, na nyumbani kwangu ni lenyewe tu linalokwenda kushoto ninapoliambia kushoto.

Mwezi wa tisa lilianza kukohoa. Likipanda mwinuko wa stesheni lilitoa moshi mweusi, likatetemeka, na siku moja likapitwa na mtu aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye mikungu mitatu ya ndizi. Mtu huyo alinisalimia. Nilijua sababu mara moja. Kati ya hewa ya nje na injini pana chujio la karatasi iliyokunjwa kunjwa, la mviringo, lenye tundu katikati. Hewa hupita, vumbi hubaki. Nalo vumbi letu jekundu halihitaji kuelezwa kwa mtu anayefagia ofisi Kindu. Chujio likijaa, injini hukosa hewa, na dawa yake ni kuliondoa na kuweka jipya. Mwanafunzi wangu wa zamani aliyeko Lubumbashi alinitumia jipya kwa treni. Nililifunga kwa kitambaa cheupe, safi, nikalilaza kitandani chumbani, mbali na vumbi, mpaka siku ya kazi.

Jumatatu asubuhi niliifanya kazi hiyo nyumbani kwa mikono yangu, kwa sababu haihitaji fundi. Nilizima injini nikaiacha ipoe. Nikafungua kifuniko cha mbele, nikalegeza nati yenye mabawa mawili, nikainua mfuniko wa kopo la chuma, nikalitoa chujio la zamani polepole ili vumbi lisidondoke ndani. Tundu la chini nikaliziba kwa kitambaa. Kisha nikaliinua chujio na kulielekeza kwenye jua ili nione kama mwanga unapita. Mwanga haukupita. Hadi hapo, Mwananchi Komiseri, sikuwa nimetenda kosa lolote, na kazi ilikuwa imebakiza dakika tano.

2. Kuhusu fundi Tambwe na upatanisho wa kisarufi.

Fundi Tambwe ni jirani yangu. Ua wa majani ndio unaotutenga. Hakuitwa. Alisikia kifuniko cha gari kikifunguliwa, naye hawezi kusikia sauti hiyo akabaki kwake, kama vile wengine wasivyoweza kusikia mlio wa sufuria. Akaja, akalitazama chujio mkononi mwangu, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea karibu na injini: “Mwalimu! Filitiri ya Mwalimu njo amekufa! Amekufa kabisa, na hapana leo! Iko miaka mine anakamata vumbi!”

Nilimweleza kwanza kwamba Kiswahili kina neno chujio. Nikamweleza pili kwamba chujio haliwezi kufa. Hufa chenye pumzi, chujio huharibika. Akanijibu: “Lakini Mwalimu, motokari inapumuaka na nini? Si na filitiri? Sasa mwenye kupumua hawezi kufa?”

Nakiri kwamba nilinyamaza. Katika kazi yangu yote nimenyamazishwa mara mbili tu, na mara ya kwanza nilikuwa na malaria.

Hata hivyo, lililoniuma zaidi halikuwa kitenzi. Lilikuwa upatanisho. “Filitiri ya Mwalimu amekufa.” Ya, kisha a! Neno moja, ndani ya sentensi moja, linaanza likiwa kitu na kumalizika likiwa mtu! Nilimwambia achague. Ama aseme filitiri ya Mwalimu imeharibika, ama, ikiwa anashikilia kwamba ina pumzi, basi aipe heshima zote za wenye pumzi, aseme: Filitiri wa Mwalimu Onema amekufa. Tambwe akachagua hilo la pili. Nikamtaka alirudie mara tatu, kwa sauti, kila silabi isikike, kama ilivyokuwa desturi darasani kwangu. Nilisema pamoja naye ili kumsaidia.

Ilikuwa saa mbili asubuhi, wakati wanawake wanapopita kwenda sokoni.

Tazama, Mwananchi Komiseri, jinsi usahihi unavyoadhibiwa katika mji huu. Watu wa Kindu hutumia ya kwa kila kiumbe na kila chombo: kiti ya Mwalimu, mbuzi ya Mwalimu, bibi ya Mwalimu. Tambwe angeachwa na ya yake, wanawake wale wangepita na vikapu vyao bila hata kugeuka. Lakini walisikia wa, tena walilisikia kinywani mwangu, na mji mzima unajua kwamba Mwalimu Onema hakosei ngeli. Nikisema wa, ni mtu. Nikisema amekufa, amekufa.

3. Kuhusu waombolezaji.

Kabla sijanawa mikono, uani palikuwa na wanawake kumi na mmoja. Ilipofika saa nne walikuwa arobaini, mikeka imetandikwa, moto umewashwa, na matawi ya mchikichi yamesimikwa langoni kwangu, kama tufanyavyo sote panapokuwa na msiba, ili wapitao wajue na waingie. Wakajua. Wakaingia.

Nilisimama mbele yao nikatangaza kwamba hakuna aliyekufa. Lililoharibika ni chujio. Lakini nilikuwa nimejifuta jasho kwa mkono uleule ulioshika chujio na kopo lake lenye grisi, na uso wangu ulikuwa mweusi hadi masikioni. Waliona ni masizi ya huzuni. “Mama, uchungu imemuingia kichwani,” alisema mmoja. “Anakatala hata jina ya mutoto!” alisema mwingine, na wote wakapandisha sauti. Niliona wamekosa msingi, basi nikawaeleza ngeli ya li-ya kwa mifano mitano: jiwe limeanguka, jino limeng'oka, na kuendelea. Kwenye mfano wa tatu wanaume nao wakaanza kulia.

Hakuna hata mmoja aliyejua Filitiri alikuwa nani. Hilo halikumzuia mtu. Walikubaliana wenyewe kwa wenyewe kwamba ni jina la ubatizo, la mjukuu fulani wa mbali, ambaye wazazi wake walimbatiza kwa siri baada ya sheria kutoka. Ndiyo sababu, walisema, hakuwahi kuonekana Kindu. Wengine walisifu ujasiri wangu wa kulitamka jina lake hadharani. Nakuandikia hili wazi, ili usilipate kwanza kwa mtu mwingine.

4. Kuhusu mke wangu.

Mke wangu, Mauwa, alikuwa amekwenda Lokandu tangu Ijumaa kununua samaki. Alirudi alasiri hiyo, akayaona matawi langoni pake, akaangusha kapu, akaingia akiliita jina langu kwa kilio ambacho sikujua kama kimo ndani yake. Aliponikuta nimesimama, alifurahi. Furaha hiyo ilidumu kiasi cha sekunde nne. Kisha akauliza ni nani basi aliyekufa, na wanawake arobaini wakamjibu kwa pamoja: Filitiri, mutoto ya Mwalimu.

“Baba Bitota,” akaniambia (Bitota ndiye wa kwanza wa binti zetu watatu), “huyu Filitiri njo mutoto ya nani? Mama yake iko wapi?”

Nilimjibu kwa utulivu kwamba hana mama. Nikaongeza kwamba jingine, jipya, limekuja kwa treni kutoka Lubumbashi, nalo limelazwa kitandani chumbani, limefungwa kitambaa cheupe. Ninaungama kwamba jibu hilo, ingawa lilikuwa la kweli na halikuwa na kosa lolote, halikusaidia. Nilisema limelazwa, Mwananchi Komiseri. Li! Lakini masikio yaliyolelewa kwa iko hayana mahali pa kuitia li. Wanawake walitazamana. Niliona wanatazamana, sikujua kwa nini.

Tangu saa hiyo Mauwa huongea nami kupitia kwa mke wa Tambwe, hata tukiwa tumeketi pamoja sote watatu. “Mwambie aoge,” humwambia. Nami huoga.

5. Kuhusu cheti.

Okito ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Ni mtu mzima wa miaka thelathini na minane, mfanyakazi wa bandari, mwenye moyo wa kusaidia hasa pale pasipohitajika msaada. Kwa kuwa mimi sina mtoto wa kiume, ukoo ulikwisha kumtaja zamani kuwa mrithi wangu, nami sikupinga, kwa sababu nilidhani jambo hilo litafanyika nikiwa sipo. Aliwaza kwamba kila kifo ni lazima kiandikishwe, akaenda ofisini kwako siku hiyohiyo. Hakuniuliza, ili asiniongezee uchungu.

Nyuma ya meza alikuwapo karani Kazadi, ambaye sina neno baya juu yake isipokuwa haya yafuatayo. Aliuliza jina la marehemu. Okito akajibu: Filitiri wa Onema. Kazadi akaliandika, kisha akaikumbuka sheria. Jina la kigeni haliruhusiwi, hata kwa aliyekufa, na hasa kwa aliyekufa, kwa kuwa hana tena nafasi ya kujirekebisha. Akapiga mstari juu ya Filitiri. Akabaki na wa, ambalo peke yake si jina, akapiga mstari. Akabaki na Onema. Akafungua daftari kubwa, akamtafuta Onema, akampata: mwalimu mstaafu. Akanakili. Akauliza umri, na Okito alikuwa amemsikia Tambwe akitaja miaka minne. Akauliza sababu ya kifo, na hapo pia Okito alikuwa amemsikia Tambwe.

Kwa hiyo cheti, chenye muhuri wako, kinasema hivi: “Onema, mwalimu mstaafu, umri miaka minne, amefariki kwa vumbi.”

Nataka kuwa mwadilifu. Sentensi hiyo haina kosa hata moja la upatanisho. Ndilo jambo linaloniogopesha.

6. Kuhusu haki ya marehemu kulalamika.

Jumanne saa tatu nilifika ofisini kwako kwa miguu. Nilimpa Kazadi mkono, akaupokea. Nikamwambia kwamba mimi ndiye Onema. “Pole sana, Mwalimu,” akanijibu, “lakini Onema amekufa. Karatasi iko.” Nikamwonyesha kitambulisho changu. Alikipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, akakitia kwenye sanduku la bati, kwa sababu kitambulisho cha marehemu hurudishwa serikalini. Akanishukuru kwa kukileta mwenyewe. Wengi, alisema, huchelewa.

Nikaomba kuandikisha malalamiko. Akanieleza kwamba marehemu halalamiki, hulalamika mrithi wake kwa niaba yake. Nikatoka, nikamfuata Okito bandarini, nikamwomba atie sahihi kwenye karatasi isemayo kwamba mimi ni hai. Okito aliisoma. Alinitazama juu hadi chini, kama mtu anayetaka kutenda haki. “Baba mukubwa,” akasema, “miye nakuona, uko muzima, hata haukonde. Lakini nikiweka sahihi, na motokari je?”

Nimekuwa nikimlaumu kwa siku nzima, lakini siwezi kusema kwamba swali lake halikuwa na mantiki.

7. Kuhusu mazishi.

Wakati nilipokuwa nimesimama mbele ya Kazadi, waombolezaji waliona siku ya pili inapita bila maziko. Wakayakumbuka maneno yangu kwa Mauwa. Wakaingia chumbani, wakalikuta (mimi naandika wakalikuta, wao walisema wakamukuta) kitandani, limefungwa kitambaa cheupe, dogo, jepesi. Hawakufungua, kwa heshima. “Masikini, alikuwa mudogo kabisa,” walisema, na wakalibeba kwa zamu, ingawa lingeweza kubebwa kwa vidole viwili. Wakalizika nyuma ya nyumba, kati ya mihogo ya mke wangu, kwa nyimbo tatu na hotuba ya mtu nisiyemfahamu, ambaye inasemekana alizungumza vizuri sana juu ya utoto wake.

Niliporudi nilikuta kaburi limekwisha kufukiwa na kumwagiwa maji. Nilitaka kufukua. Watu sita walinishika mikono wakinibembeleza. Mkuu wa mtaa akaja akaeleza kwamba kaburi halifukuliwi bila karatasi ya Zone, na kwamba karatasi hiyo huombwa na mtu aliye hai.

Basi mambo yalivyo ni haya: chujio jipya limezikwa, la zamani liko mezani kwangu, tundu la injini limezibwa kwa kitambaa, mwenye gari ni marehemu, na mke wake anamtafuta mama wa chujio.

8. Kuhusu yale ninayoomba.

Kwanza, unitangaze kuwa hai kabla ya Jumamosi saa nne, kwa maandishi, kwa muhuri mkubwa kuliko ule wa cheti.

Pili, uamuru chujio lifukuliwe, na wafukuaji wasilikung'ute.

Tatu, upige marufuku katika zone yako kitenzi kufa kwa vitu visivyo na uhai. Usiniambie kwamba jambo hilo haliwezekani. Nchi hii ilibadilishwa jina, na mto ukabadilishwa, na fedha, na miji, na majina yetu sote, nasi tukavua tai shingoni, yote hayo katika muda ambao mimi nilihitaji kumfundisha Tambwe tofauti ya ya na wa. Serikali iliyoushinda mto haiwezi kushindwa na kitenzi kimoja.

Nne, kila fundi wa magari afanye mtihani wa ngeli, na asiyejua asishike spana. Niko tayari kusahihisha, hata katika hali yangu ya sasa.

Tano, ikiwa Zone itaamua, kinyume na maoni yangu, kwamba chujio lina pumzi na kwamba Tambwe alisema kweli, basi naomba tuifuate kanuni hiyo mpaka mwisho, tusiiachie njiani. Mwenye pumzi katika nchi hii ni mwananchi. Na kila mwananchi, kama tunavyofundishwa, ni mwanachama wa Chama tangu tumboni mwa mama yake. Kwa hiyo Jumanne, nyuma ya nyumba yangu, mwanachama wa Chama alizikwa kati ya mihogo bila bendera, bila mwakilishi, akiwa mpya, hajafanya kazi hata siku moja. Nani atajibu kwa hilo? Tena nati yangu yenye mabawa nayo itataka kadi. Plagi nne zitataka kadi. Askari wa kizuizi cha barabarani atalazimika kuliuliza kila gurudumu jina lake na aendako, na ninawajua baadhi yao: watauliza kweli, nayo magurudumu yatakaa kimya, na ukimya huo utaandikwa kuwa ni dharau.

Sitaki kukusukuma kufika huko. Ninaonyesha tu njia inakoelekea.

Nimekuandikia bila hasira na bila kufuta neno lolote, na nakala nimeiweka ndani ya kamusi yangu. Nisalimie mama wa nyumbani kwako na watoto, wasaidizi wako wote, na askari wa langoni ambaye Jumanne alinipa pole ya msiba wangu na kunipisha kwenye kivuli. Msalimie pia karani Kazadi, na umwambie kwamba mwandiko wake ni mzuri.

Ni mimi, ninayepumua bila msaada wa chombo chochote,

ONEMA
mwalimu mstaafu, hai

Tanbihi. Leo ni Ijumaa tarehe 3. Barua hii ilikuwa bado mezani kwa kukosa bahasha, wakati mkuu wa mtaa alipopita na orodha ya wanaume watakaocheza ngoma ya heshima mbele ya wageni siku ya sikukuu, tarehe 24 Novemba. Mazoezi ni kila siku kwa wiki tatu, uwanjani, tangu saa nane mchana hadi saa kumi na mbili, kwa wote wasiozidi miaka sabini, na kuna sehemu ya wimbo inayotaka kuruka kwa mguu mmoja. Nilikuwa katika mstari wa tatu, kati ya Tambwe na Kazadi. Jina langu limefutwa kwa wino mwekundu. Pembeni pameandikwa: marehemu.

Mkuu wa mtaa alieleza kwamba mstari hauwezi kubaki na pengo. Anayepokea mali ya marehemu hupokea na nafasi yake. Okito alikuwa ameketi ndani ya gari langu wakati huo, akijaribu kiti. Alishuka. “Baba mukubwa,” akasema, “motokari njo yako. Na kucheza pia njo yako.” Nilimkumbusha kwamba mimi ni marehemu na kwamba karatasi iko. Kabla ya nusu saa kupita alikuwa ameukataa urithi mbele ya mashahidi wawili, amefukua kati ya mihogo bila karatasi ya mtu yeyote, ameweka chujio jipya mahali pake na kuikaza nati. Injini iliitika mara ya kwanza, bila moshi. Mauwa alikuja kuona huyo mtoto akitolewa. Alikiona kitambaa kikifunuliwa, akalitazama chujio, akanitazama mimi, akacheka mpaka akakaa chini. Waombolezaji wamekunja mikeka yao. Wanasema wamekula vizuri. Sasa Mauwa yuko kwenye kiti cha mbele, na amesema nami mwenyewe, bila kumpitia mke wa Tambwe: “Twende Lokandu, marehemu yangu. Samaki yangu ilioza kwa sababu yako.”

Kwa hiyo, Mwananchi Komiseri, naomba uihesabu barua hii kuwa haikuandikwa, kwa kuwa ni kweli kwamba marehemu haandiki. Cheti ni sahihi. Naomba kibaki kilivyo. Kuhusu kunifufua, nilikuwa nataka kupendekeza Jumamosi tarehe 25, lakini nimetazama kalenda na kuona kwamba Jumamosi ni siku ya Salongo, ile kazi ya umma ambayo hakuna aliye hai anayeruhusiwa kuikosa, na mwaka huu mtaa wetu umepewa kufyeka majani kando ya reli. Jumatatu tarehe 27 itafaa, baada ya saa nne, nikiisha kunywa chai.